Pikapu mpya ya kubebea samaki: nikinge vipi uvungu wake na kutu?

Mchuuzi wa Samaki, Kwale

Waungwana, salaam.

Kwa neema ya Mungu nimenunua pikapu mpya kabisa, wala si ya mtumba, na kazi yake itakuwa moja tu: kuchukua samaki Shimoni, Gazi na Msambweni na kuwafikisha Mombasa kabla jua halijawa kali. Kila siku ya kazi itakanyaga mchanga wa ufukweni, itabeba masanduku ya samaki waliofunikwa barafu, kisha itavuka Likoni kwa feri, mahali ambapo maji ya bahari huyarukia magari kwa chini yanapopanda na kushuka, hasa bahari inapochafuka wakati wa kusi. Nimeyaona magari ya wenzangu katika biashara hii. Juu rangi bado inang'aa, lakini ukiinama kuangalia uvunguni unakuta chasisi imeanza kubanduka magamba.

Wakala aliyeniuzia amependekeza, kwa malipo ya ziada, nipuliziwe uvungu mzima rangi nzito nyeusi yenye lami na mpira, na anasema kazi hiyo ikishafanywa sitahitaji kuirudia. Jirani yangu mwenye lori ananishauri nisitoe fedha zangu, nichukue oili chafu ya injini na kuipaka kwa brashi kila baada ya miezi michache. Mimi sina ujuzi wa kuzipima kauli hizi mbili. Ningependa kujua ni kinga gani inayofaa kwa gari ambalo bado halijaguswa na kutu, ipakwe wapi hasa, na irudiwe baada ya muda gani. Naomba majibu ya watu waliowahi kuifanya kazi yenyewe au kuishi na gari pwani, kwa sababu pikapu hii ndiyo tegemeo la nyumba tatu.

Fundi wa Bodi, Dar es Salaam

Ndugu Mchuuzi, hongera kwa gari, na umefanya vyema kuuliza mapema. Kutu ikishaanza, kazi hugeuka kuwa ya kukwangua, kukata na kuchomelea, na gharama yake haina mfano na ile ya kukinga.

Kwanza ujue kiwanda kimekwisha kufanya nini. Bodi ya gari la kisasa kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa bati lililopakwa zinki, kisha huzamishwa nzima katika hodhi la rangi ya awali, ambayo huvutwa na umeme ili ishike hadi kwenye pembe, na maungio ya bati huzibwa kwa gundi maalumu. Chasisi, yaani ile fremu iliyobeba bodi, injini na ekseli, mara nyingi haina zinki hiyo. Ina rangi nyeusi peke yake. Tena katika pikapu nyingi chasisi ni boksi lenye uwazi ndani. Maji, mchanga na chumvi huingia humo kupitia matundu yaliyoachwa na kiwanda, hukaa gizani bila upepo wa kuyakausha, na chuma huliwa kuanzia ndani kuelekea nje. Kwa hiyo magamba unayoyaona kwenye magari ya wenzako ni sehemu ya mwisho ya ugonjwa ulioanza mahali pasipoonekana.

Kuhusu rangi nzito ya lami, mimi siipendekezi kwa gari la kazi yako. Ikiwa mpya huzuia mawe na hupunguza kelele, hilo ni kweli. Lakini lami hukauka na kukakamaa kwa joto, kisha mawe huipasua nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni, na maji ya chumvi hupenya kati yake na chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huinua lami taratibu, na mfuko unaobaki hapo hushika maji hata wakati wa kiangazi. Nimewahi kubandua vipande vikubwa vya lami iliyoonekana nzima kabisa, na nyuma yake bati lilikuwa limebaki unga. Ubaya mwingine ni kwamba mpulizaji mwenye haraka huziba matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na chini ya chasisi. Tundu likizibwa, maji ya mvua yanayoteremka kando ya vioo vya milango hayana pa kutokea. Na kauli kwamba kazi hii haihitaji kurudiwa, usiikubali kwa mtu yeyote.

Kinachofaa ni tabaka lisilokakamaa: mafuta mazito ya kukinga kutu, mafuta ya lanolini yanayotokana na sufu ya kondoo, au nta laini ya magari. Ndani ya chasisi, ndani ya boksi zilizo chini ya milango na ndani ya milango yenyewe, mafuta yapulizwe kwa kompresa kupitia mrija mwembamba mrefu ambao ncha yake hurusha pande zote. Fundi aingize mrija hadi mwisho, kisha auvute nyuma polepole huku akipuliza. Matundu ya kiwanda yanatosha, hakuna haja ya kutoboa. Ukiona mafuta yanatona kutoka kwenye matundu ya chini na kwenye maungio, ujue yamefika, na mwache atandike maboksi sakafuni kwa siku moja au mbili. Nje, paka chasisi yote, mabano ya springi, sehemu iliyo juu ya tangi la mafuta, kishikio cha tairi la akiba na maungio ya bati ndani ya madigadi. Diski na ngoma za breki zifunikwe kabla ya kuanza, na vivyo hivyo bomba la moshi, mikanda ya injini na vihisi. Kabla ya yote gari lioshwe chini na likauke kwa siku nzima, kwa kuwa mafuta yakipakwa juu ya chumvi iliyolowana yanaifungia humo humo.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, lakini kwa biashara yako ni kubwa kuliko hayo yote. Maji yanayotoka kwenye masanduku ya samaki ni mchanganyiko wa barafu iliyoyeyuka, chumvi na damu, na katika pikapu nyingi yanapita kwenye matundu ya sakafu ya nyuma na kudondokea moja kwa moja juu ya chasisi, springi na mabomba ya breki. Tafuta beseni pana lenye kingo, la plastiki au la faiba, likae juu ya sakafu yote ya mizigo, na uliunganishe na mpira wa maji unaoishia nyuma ya bampa. Ukifanya hivyo tu, hata kabla ya kupaka chochote, utakuwa umeondoa adui mkubwa.

Mswahili wa Ontario

Kaka Mchuuzi, mimi naishi Kanada, ambako barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi ili kuyeyusha barafu, na suala la kutu ya chini ya gari hujadiliwa kila mwaka kama suala la bei ya petroli. Naunga mkono aliyosema Fundi kuhusu mafuta. Huku watu wengi hupeleka gari kupuliziwa mafuta kila mwaka kabla ya theluji, na magari yaliyohudumiwa hivyo tangu yakiwa mapya hutambulika kwa urahisi yakinyanyuliwa kwa jeki, kwani boliti zake hufunguka kwa mkono wa mtu mmoja.

Usidhani kwamba chapa yenye sifa inatosha kukulinda. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi ya pamoja ya wamiliki wa Tacoma, Tundra na Sequoia, waliodai kwamba chasisi za magari yao hazikukingwa vya kutosha na kutu. Makubaliano hayo, ambayo kampuni iliyafikia bila kukiri kosa, yaligusa Tacoma za kati ya 2005 na 2010, na thamani yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, maana chasisi iliyotoboka ilipaswa kubadilishwa nzima. Wale ni watengenezaji wenye maabara na wahandisi, na bado uwazi ule wa ndani wa chasisi uliwashinda.

Hali yako inatofautiana na yetu kwa namna mbili. Sisi tunapata chumvi kwa miezi michache na baridi kali hupunguza kasi ya kutu, ilhali kwenu chumvi na joto vipo mwaka mzima. Pili, chumvi ya bahari haihitaji mvua ili ifanye kazi. Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani unyevu unapofikia asilimia 75 hivi, na maji ya bahari yana pia kloridi ya magnesiamu, ambayo huanza kulowana hata unyevu ukiwa karibu asilimia 33. Kwa hewa ya pwani hii ina maana kwamba gari lililorukiwa na maji ya bahari jioni linaweza kukaa na utando wa maji ya chumvi usiku kucha, ingawa kwa macho linaonekana kavu. Ndiyo sababu kuosha ni nusu ya kinga.

Nikuonye pia juu ya vifaa vidogo vya umeme vinavyofungwa kwenye betri, ambavyo wauzaji wake husema vinazuia kutu ya gari zima. Umeme huo hulinda kweli meli, nguzo za bandari na mabomba yaliyofukiwa, kwa sababu chuma chake kimezama ndani ya maji au udongo wenye unyevu unaopitisha mkondo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gari liko hewani, hivyo njia hiyo haipo. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilimchukulia hatua muuzaji wa kifaa cha aina hiyo katika miaka ya 1990. Fedha hizo zinunulie mafuta.

Bi. Mwenye Magari, Unguja

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na mengi, ila kuna jambo ninalotaka Fundi alitazame upya. Nina magari yanayochukua wageni kwenda Nungwi, Paje na Jambiani, na kule Paje na Jambiani upepo wa kusi hupiga kutoka baharini moja kwa moja, ukibeba chumvi na mchanga laini. Mafuta mepesi yakipakwa nje ya chasisi hushika mchanga ule, na baada ya muda unapata tope la mafuta na mchanga wenye chumvi ambalo haliosheki kwa urahisi. Isitoshe, lanolini safi huyeyuka kwenye nyuzi 40 hivi za joto, kiwango ambacho uvungu wa gari linalopita juu ya lami ya mchana, tena karibu na injini, hukifikia bila shida. Kwa hiyo mimi hutenganisha: ndani ya boksi na mabomba ya chasisi naweka mafuta mepesi yanayotambaa, kwa sababu huko hayapatwi sana na mchanga wala maji ya kuosha, nje naweka nta ya magari ambayo hukauka juu juu lakini ikabaki na ulaini wake, na haishiki mchanga. Nta hiyo hukaguliwa kila mwaka na kupakwa tena pale tu ilipochubuka, hasa nyuma ya matairi.

Kuhusu kuosha, jambo la kwanza ni maji yenyewe. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvichumvi, na mtu anaweza kuosha uvungu kila jioni kwa bidii huku akiuongezea chumvi ileile anayoikimbia. Onja maji kabla hujayatumia. Yakiwa na ladha ya chumvi, tumia ya bomba au ya mvua, hata kama ni kidogo. Siku za masika sisi hukinga maji ya mapaa kwenye matangi, na maji hayo ni mazuri kuliko yote kwa kazi hii.

Jambo la pili ni nguvu ya maji. Vijana wa kuosha magari hupenda mashine ya presha kali na huisogeza karibu, ikang'oa nta na mafuta uliyoyagharimia. Sisi tumetoboa matundu mengi madogo kwenye bomba la plastiki, tukaziba mwisho wake, tukaliweka chini kwa upana wa gari na kuliunganisha na mpira wa bustani. Dereva hulipitisha gari juu yake polepole, mbele na nyuma, hadi maji yanayodondoka yawe safi. Kazi haichukui muda, na dereva hana kisingizio cha kuiacha hata akirudi amechoka. Chumvi huyeyuka kwa urahisi ikiwa bado mbichi, kwa hiyo fanyeni hivyo jioni ileile, msingoje Ijumaa.

Na usiliegeshe gari juu ya majani usiku. Ardhi yenye majani hutoa unyevu hadi alfajiri. Sakafu ya saruji au changarawe yenye upepo inafaa zaidi.

Mchuuzi wa Samaki, Kwale

Nawashukuru nyote, na wazo la beseni lenye mpira nimekwisha kulipeleka kwa fundi wa faiba. Nimebakiwa na maswali mawili. Oili chafu hamjaigusia, na jirani yangu bado ananisisitiza kwa sababu haina gharama. Pia kitabu cha waranti kinasema bodi inakingwa dhidi ya kutu inayotoboa. Je, nikipaka kitu changu nitaipoteza? Naongeza kwamba siku zisizo na haraka ninaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu na kuiepuka feri, ingawa mafuta ya kuendeshea gari yanaongezeka.

Fundi wa Bodi, Dar es Salaam

Bibi wa Unguja amesema kweli kuhusu mchanga, na kwa magari ya ufukweni njia yake ya nta nje na mafuta ndani ni bora kuliko mafuta pande zote. Naichukua. Kwa gari linalokaa mjini bado ningepaka mafuta hata nje.

Oili chafu, usiitumie. Ni kweli kwamba inazuia maji kwa muda, na wazee wetu waliipaka kwenye malori kwa sababu hawakuwa na kingine. Lakini oili iliyokwisha kazi imebeba asidi na masizi ya injini pamoja na chembe za metali, na petroli kidogo haikosekani. Huvimbisha bushi na mipira ya vumbi inayofunika viungo, na ikidondokea bomba la moshi lenye joto hutoa moshi na inaweza kushika moto. Pia hutona njiani na kwenye udongo wa uani kwako, ambako watoto hucheza na kisima kiko karibu. Halafu fikiria biashara yako: gari linalonuka oili halifai kubeba samaki.

Kuhusu waranti, soma kipengele hicho tena neno kwa neno. Waranti nyingi za aina hii huhusu bati la bodi lililotobolewa na kutu kutoka ndani kwenda nje, na mara nyingi haziihusishi chasisi, mabomba ya breki, springi wala kutu ya juu juu iliyotokana na jiwe. Kwa hiyo sehemu zilizo hatarini zaidi kwako huenda hazimo kabisa. Kinacholeta mgogoro ni kutoboa matundu mapya na kuziba yale ya kutolea maji. Mwandikie wakala barua, umweleze utapaka nta na mafuta bila kutoboa popote, na umwombe jibu la maandishi. Kisha piga picha uvungu wote sasa, gari likiwa safi, uzihifadhi pamoja na stakabadhi za kila huduma.

Dongo Kundu ni nafuu kwa chuma, lakini usiifanye sharti. Siku uliyovuka feri, pitisha gari juu ya bomba la matundu jioni, inatosha.

Wakati mzuri wa kupaka ni Januari au Februari, kaskazi inapovuma na mvua hakuna, ili uvungu ukauke hadi ndani ya boksi na nta ishike kabla ya masika. Ikiwa pikapu inaanza kazi kabla ya hapo, usisubiri: ipakwe sasa, ila ikauke chini ya paa kwa siku mbili na milango ikiwa wazi. Baada ya hapo mafuta ya ndani yarudiwe kila mwaka msimu uleule.

Kila unapobadilisha oili ya injini, mwombe fundi anyanyue gari na utazame mwenyewe kwa tochi. Anza na mabomba ya breki, hasa pale yanaposhikwa na vibanio, kwa sababu chumvi hujificha chini ya kibanio na bomba likipasuka unakosa breki. Kisha tazama juu ya tangi, nyuma ya matairi ya nyuma, na mabano yanayoshika springi. Gonga chasisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkali, na pale mlio unapokuwa mzito na mfu weka alama ya chaki. Doa dogo la kutu likwangue hadi chuma king'ae, paka dawa ya asidi ya fosfori, ioshe kama kopo linavyoelekeza, ikikauka weka rangi ya awali, kisha nta juu yake. Doa la namna hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na samaki wa kesho yake hawachelewi.